Askofu Agoma Kunywa Maji

Kwa miezi saba, tangu walipomzika mama yake, Mutindi hakuwa amesema neno. Alikula, akachota maji, akafukuza kuku jikoni, yote kimya. Susu wake, yaani nyanya yake, Syokau, alikuwa amempeleka kuombewa katika kila kanisa kutoka Kikima hadi Kilungu. Sasa kilichobaki ni farasi.

Farasi mwenyewe alikuwa wa Mchungaji Kinuthia, pale Malili. Mwaka wa themanini na sita alimchukua kutoka Nairobi, farasi alipozeeka asiweze tena mashindano ya mbio na wenyewe wakataka kumpiga risasi. Tangu hapo, kila Jumamosi, watoto wenye majonzi waliletwa wamlishe, wamsugue na kuomba. Alikuwa mrefu, mweusi, mwenye uso wa kulaumu waumini, hivyo watoto walimwita Askofu. Wazee wa kanisa walikaa vikao viwili kulijadili jina hilo, wakashindwa kulifuta.

"Huyu ni punda aliyesoma," Syokau alinong'ona.

Kazi ya Mutindi siku hiyo ilikuwa kumnywesha. Akaweka ndoo. Askofu akaitazama, kisha akatazama vilima.

"Hajanywa tangu jana," alisema Mchungaji. "Tuombe."

Wakaomba. Mchungaji alianzia kwenye uumbaji, akapitia kwa Musa na ule mwamba, akatua kwenye ndoo. Askofu alipiga chafya kabla ya Amina. Wakaimba beti sita. Askofu akafumba macho, kama wafanyavyo wakubwa wa kanisa mahubiri yakirefuka. Mutindi alishika mkono wa ndoo, machozi yakidondokea yale maji yaliyokataliwa.

Syokau alijua dawa. Alichunga ng'ombe wa baba yake tangu utotoni, na alijua mnyama hunywa akipigiwa mluzi, ule wa polepole, wa kushuka. Lakini yeye ndiye mwenyekiti wa akina mama. Mwezi uliopita tu alikuwa amewafagiza kanisa zima wasichana watatu waliopiga mluzi, maana mwanamke hapigi mluzi, sembuse kwenye ibada.

Alimtazama mjukuu wake. Akarekebisha kofia, akakunja midomo, akapuliza.

Ikatoka hewa na mate. Meno yake ya mbele yalishatangulia mbele za haki. Akapuliza tena, kwa nguvu zaidi. Mchungaji akavua miwani, akaipangusa.

Ndipo ikasikika sauti nyembamba, iliyokwaruza:

"Susu, acha. Unamtemea."

Syokau akamgeukia Mutindi.

"Basi nionyeshe wewe, mama," Syokau alisema, akijikaza asilie. "Mimi mzee, najua nini?"

Mutindi akapiga mluzi. Askofu akasimamisha sikio moja, halafu la pili, akatumbukiza mdomo wote ndooni, akanywa kama aliyeahidiwa kwamba kesho hakuna maji.

"Bwana asifiwe!" Mchungaji akapaza sauti, mikono juu.

"Mchungaji, nyamaza kwanza, utamshtua," Mutindi alimkatiza.

Mchungaji akashusha mikono. Mutindi akauliza farasi ana meno mangapi, kama analala amesimama, kama anamjua Mungu, na ndoo ya pili iko wapi. Mchungaji alijibu mawili, akakimbilia ndoo.

Mutindi akabandika sikio kwenye tumbo la Askofu.

"Susu! Njoo usikie, maji yanashuka!"

Mwenyekiti wa akina mama akainama, kofia ikaanguka, akabandika sikio lake pia.

"Naam," alisema. "Nasikia."