Chumvi Ilipofika

Salme alikuwa na dawa ya kupuliza, ya kuonyesha chumvi imepenya wapi ndani ya zege. Ami yake, Abdulfatah, alikuwa na ulimi, na hakuona sababu ya kuazima kifaa kingine.

"Mwashi wa kwetu Lamu huonja mchanga kabla ya kujenga," alisema, akikunja mikono ya kanzu humo ndani ya maabara ya Kilimani. "Nami nitaonja."

Mzee huyu muuza vitambaa wa katikati ya jiji ndiye aliyekabidhiwa ujenzi wa madrasa ya ukoo huko Lamu, hatua chache kutoka baharini. Ile ya zamani chumvi iliila: vyuma vya ndani vilishika kutu, vikavimba, na dari likawa linamwagika vipande vipande juu ya misahafu. Leo angeagiza simiti ya kawaida, isipokuwa Salme amgeuze nia. Salme alikuwa na mchanganyiko wake: simiti kidogo, na badala ya iliyopunguzwa, udongo uliochomwa na majivu ya makapi ya mpunga wa Mwea. Moshi wa viwanda vya simiti ungepungua, na zege lingeshikamana zaidi. Kipande chake na kipande cha kawaida vilikuwa vimelowa miezi sita kwenye pipa la maji ya chumvi.

Ami alichovya kidole pipani, akaonja, akakunja uso.

"Bahari ya wapi hii?"

Waweru, mwenzake Salme kazini na mfugaji wa Mutuini, akakohoa. "Mzee, ni mimi niliweka. Ile chumvi ya ng'ombe. Iko na madini mingi."

"Waweru!" Salme alishika kichwa. "Tunapima zege ama tunanenepesha?"

"Si ulisema unataka kitu ngumu? Cheki mifupa ya ng'ombe zangu."

Ami alikwishatoa simu aagize simiti. Miezi sita ya Salme ilikuwa inaelekea mfukoni mwa muuza simiti.

"Ami, chumvi ni chumvi! Onja kwanza, kisha upige."

Mashine ikavipasua vipande viwili. Ami akalamba cha kawaida toka ukingoni hadi katikati. "Chumvi. Chumvi. Hata hapa, chumvi." Akashika cha Salme. "Chumvi... kidogo... mbona hapa hamna?" Akakigeuza, akalamba upande wa pili, macho yamemtoka.

"Mzee, nikuletee kachumbari?" Waweru akauliza.

Salme akapuliza dawa. Kipande cha kawaida kiligeuka cheupe, alama ya chumvi, hadi moyoni. Chake kikafanya mstari mweupe mwembamba ukingoni, ukaishia palepale ulimi ulipokosa chumvi.

Ami akaupima mstari ule kwa kidole, kisha akapiga simu.

"Ile simiti, nusu tu. Ukuta unaotazama bahari tutaujenga kwa majivu... Majivu, ndiyo! Ya mpunga! Wacha kuniuliza vipi, hata mimi bado nauliza."