Sabuni ya Darini

Klara aliupita mlango wa nyumba ile ya Msimbazi mara mbili kabla ya kuthubutu kubisha. Kwenye baraza alikochezea rede utotoni, walipokuwa wapangaji hapo, sasa kulipangwa katoni za sabuni mpaka usawa wa dirisha. Kila mtu anajiuzia, hakuna wa kumuuliza kitu. Mwaka wa themanini na tatu, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, katoni mbili tu zilitosha kumtia mtu ndani.

Mkononi alishika kadi ya harusi yake. Baba yake, mzee Augustino, ndiye aliyemtuma kutoka Magomeni. "Wapelekee akina Shashikant. Wasipokuja, basi, lakini wapelekee."

Mlango aliufungua Jasvanti mwenyewe, mwenye nyumba, mke wa Shashikant.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe wa Augustino." Hakumkaribisha kiti.

Uani kulikuwa vilevile: karo, kamba ya nguo, ngazi ya kupandia darini. Hapo ndipo askari alipomwinamia Klara, mtoto wa miaka minane, akamsifia sare yake ilivyotakata. Siku hizi mnafulia nini? Naye, mtoto aliyefunzwa kuwajibu wakubwa, akajibu: sabuni ya Baba Manan, iko darini. Mdomo huponza kichwa, lakini safari ile kiliponzwa kichwa cha mwingine. Shashikant, ndiye huyo Baba Manan, alikaa ndani miezi saba. Tangu hapo Klara akiulizwa hata bei ya nyanya humeza mate kwanza.

Jasvanti aliisoma kadi, akairudia.

"Baba yako ana uso mkavu. Mume wangu alipotoka ndani, huyo baba yako alikuja hapahapa akasema, mimi ndiye niliyesema. Tukawatoa chumbani kesho yake. Leo anatualika pilau?"

Klara akaitazama ngazi ya darini. Wao nyumbani waliambiwa kodi imepanda. Miaka kumi na miwili mzee yule kabeba mzigo usio wake, wala hakumgusia hata siku moja. Sasa angeweza kuaga akaenda zake. Kosa lilikwishapata mwenyewe. Aliogopa kuliko siku ile ya askari.

"Si yeye, mama. Ni mimi. Askari aliniuliza, nikamwambia."

Jasvanti akaikunja kadi. Akageukia pazia la chumba cha ndani, ambako mtu alikuwa akikohoa.

"Rudia," alisema. "Kwa sauti. Baba Manan asikie."

Kikohozi kikakoma. Klara akameza mate.

"Mimi ndiye niliyesema, baba."