Mtani wa Shujaa Mpagazi

Koleta alikwenda mwenyewe mpaka Itetemia kumchukua Mzee Bundala, akamkuta keshavaa suti, ameketi kibarazani kama bwana harusi anayesubiri gari.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Wamefika hao wa Dar?"

"Wamefika," Koleta alijibu. Alijua walichokuja nacho. Mzee hakujua.

Niwaambie basi. Huyu Mzee Bundala ndiye aliyemchora Shujaa Mpagazi wa katuni. Simsemi huyu wa siku hizi mwenye mavazi ya chuma, anayeruka juu ya maghorofa ya Posta kule Dar. Namsema yule wa mwanzo, wa miaka ya themanini, aliyechapwa kwenye karatasi za rangi ya chai. Mpagazi wa Bundala hakuruka hata siku moja. Alitembea! Alitoka Ujiji kwenda Bagamoyo kwa njia ileile ya misafara waliyoipita wazee wetu, akapumzika hapa Tabora kunywa maji, na mzigo aliokabidhiwa hakuutua mpaka umfikie mwenyewe. Hiyo ndiyo ilikuwa nguvu yake. Mimi sijaona nguvu kubwa kuliko hiyo, na anayebisha abishe.

Koleta ni fundi cherehani wa pale mjini. Alianza kumpenda Mpagazi huyu wa kuruka, kama wenzake wote. Kisha mwaka juzi akayapata matoleo manane ya kwanza, akayasoma dukani, nguo za watu zikalala bila kushonwa. Kumbe shujaa ni wetu! Anakula ugali na uyoga wa miombo, anasafiri na asali kwenye kibuyu, anaimba nyimbo za msafara akipanda vilima. Koleta alijisikia fahari mpaka machozi yakamtoka, akaenda kumtafuta aliyeyachora.

Sasa grupu la mashabiki wa nchi nzima lilikuwa limekuja Tabora kupiga kura. Je, matoleo yale manane yahesabiwe kuwa ni maisha ya Mpagazi, au yatupwe, hadithi yake ianzie Dar? Wengi walitaka yatupwe, na kisa ni toleo la tatu.

Humo, baba yake Mpagazi amefariki. Watu wanalia. Mara anatokea mtu wa pwani aitwaye Mwinshehe, amevaa kanzu ya marehemu, anachechemea kama marehemu, anawafokea waombolezaji kwamba ugali wao mbichi. Na Mpagazi anafanya nini? Anacheka! Katika katuni mpya Mwinshehe ni adui mkubwa, anatema moto. Basi mashabiki wakaja juu: shujaa gani huyu, anadhihakiwa msibani kwao naye anachekacheka?

Koleta aliwaandikia kwenye grupu kwamba Mwinshehe ni mtani wa Mpagazi. Wakamjibu, "Dada, acha kutafuta visingizio." Angewaeleza vipi? Yeye alimzika baba yake kule Nzega akiwa amekauka machozi, hali chakula, hasemi, mpaka alipokuja mtani akavaa koti la baba, akaketi kwenye kiti cha baba, akaanza kudai chai kwa sauti ya baba. Koleta alicheka siku ile, na baada ya kucheka ndipo akaweza kulia. Mambo hayo huwezi kuyaandika kwenye simu watu wakayaelewa.

Ukumbi wa parokia ulijaa. Mwenyekiti wa mashabiki, kijana wa Dar aitwaye Pazi, akaimulika ukutani picha ile ya msibani.

"Jamani, muoneni shujaa wenu! Meno thelathini na mawili nje, na maiti iko ndani!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mzee Bundala, pale kiti cha mbele, mwanzoni alitabasamu, akidhani wamefurahia kazi yake. Kisha akaelewa. Akainamisha kichwa, akawa anaangalia viatu vyake. Koleta alihisi kama amemleta mzee sokoni amvue nguo mbele za watu. Hasira zikampanda, akasimama.

"Mwenyekiti, kwenu wapi?"

"Kwetu Kisarawe."

"Mzaramo?"

"Mzaramo wa kuzaliwa. Kwani vipi?"

"Ndiyo maana!" Koleta akapaza sauti. "Nyie Wazaramo mkisikia ngoma mnamwacha mgonjwa kitandani, mkirudi mnauliza nani kamuua! Leo wewe ndiye wa kutufundisha adabu ya msiba?"

Mayo, mama yangu wee! Mtu mmoja nyuma akasema, "Huyu dada ametukana kabila la mtu." Pazi alisimama amekodoa macho. Kisha mdomo ukaanza kumcheza.

"Dada, wewe Mnyamwezi?"

"Mpaka kwenye kisigino."

"Basi kaa chini! Nyie mlitembea toka huku na pembe za ndovu begani, mlipofika pwani mkaiona bahari mkauliza nani kamwaga maji!"

Mzee Bundala ndiye aliyecheka wa kwanza. Alicheka mpaka miwani ikamwanguka, na ukumbi ukamfuata.

"Mwenyekiti," Koleta akasema, "nimekutusi mbele ya watu. Umekasirika?"

"Nikukasirikie vipi wewe? Bibi yangu angefufuka anichape! Wewe si mtani wang..."

Hakumaliza. Aligeuka akaitazama picha ukutani. Alimtazama Mwinshehe ndani ya kanzu ya marehemu, akamtazama Mpagazi na meno yake nje, na safari hii akaona kile ambacho kalamu ya Bundala ilikuwa imekiweka chini ya macho ya Mpagazi: machozi.

"Jamani," akasema taratibu, "sisi tumemfanya adui. Huyu hakuja kumdhihaki. Amekuja kumsaidia kuzika."

Kura ilipigwa, mikono ikaota ukumbini, matoleo yote manane yakapita. Koleta hakuhesabu. Alikuwa amejaa fahari, ya Tabora, ya njia ile, na ya mzee huyu aliyekuwa sasa amezungukwa na vijana wakimwomba awasainie.

Pazi alipiga goti mbele yake. "Shikamoo, mzee. Utusamehe."

"Marahaba. Huyo Mwinshehe alikuwa mtu wa kweli, rafiki yangu na mtani wangu, wa kwenu kulekule. Ametangulia. Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza nani atakuja kunichekeshea watoto siku yangu ikifika."

Pazi alimshika mikono yote miwili.

"Nitakuja mimi. Nikuache uzikwe na Wanyamwezi peke yao? Si watakubeba mpaka Bagamoyo!"