Washa ya Mwisho

Fundi alichomoa washa ya mwisho, kipete chembamba cha chuma, kwenye vali ya pampu ya usukani, akafunga, akawasha injini. Asubuhi zilikuwa tatu. Kila aliyoitoa ilipandisha presha ya mafuta na kuufanya usukani uwe mwepesi zaidi. Sasa hakuna ya kutoa tena.

"Jaribu, kaka."

Kaka yake alikuwa ameketi ndani ya gari lile la zamani walilolijenga upya wenyewe kwa miaka tisa. Tangu apooze upande mmoja, mkono mmoja haukumtii na wa pili ulikuwa dhaifu. Aliung'ang'ania usukani, ukasogea upana wa kidole, ukagoma.

"Bado mzito! Nilikufundisha kazi au nilikufundisha kulala?"

Fundi akaitazama geji ya presha aliyoifunga kwenye pampu. Geji ilikuwa kwenye mstari mwekundu. Ikipanda kidogo tu, mpira wa mafuta utapasuka. Yeye mwenyewe aliuzungusha usukani huohuo kwa kidole kimoja. Hilo angelisemaje?

Akainyanyua tena sehemu ya mbele ya gari kwa jeki ili azirudishe washa zote, maana alikuwa amekata tamaa. Kabla hajazima injini, kaka akajaribu tena. Usukani ukazunguka kama feni, kulia na kushoto, matairi yakielea hewani.

"Umeipata, mdogo wangu! Umeipata!"

Kaka alicheka huku machozi yakimtoka, yeye yuleyule aliyewahi kumzaba kofi kwa kupima usukani gari likiwa juu ya jeki, ambako usukani wowote huwa mwepesi. Mkono wa fundi ukaganda kwenye mpini wa jeki.

"Haya, shusha, twende."