Lakiri kwenye Hedifoni

Nasambu alipoteza sikio la kushoto mwezi wa nne, na sasa mvua za mwezi wa nane zilikuwa zinalitafuta la kulia.

Huo ulikuwa mwaka wa 1986, na alikuwa ametimiza miaka sita kwenye swichibodi ya simu ya kampuni moja ya mbao, katikati ya mji wa Eldoret. Laini za kwenda kwenye vinu vya kupasulia mbao, kule msitu wa Kaptagat, zilipita juu ya nguzo kilima baada ya kilima. Radi ikipiga huko, mshindo wake ulisafiri na waya hadi ndani ya hedifoni.

Kila hedifoni ilikuwa na kigurudumu cha sauti, moja hadi nane, na swichi ndogo ya kinga iliyokata mishindo kabla haijafika sikioni. Kinga hiyo ilififisha sauti kidogo. Wakubwa wa msituni wakanung'unika kwamba maopareta kila mara wanasema, "Sema tena." Basi msimamizi, Bwana Kipngetich, akapeleka vigurudumu vyote kwenye nane, akazima kinga, akavimwagia lakiri nyekundu na kuipiga mhuri, kama bahasha ya siri.

Radi ya mwezi wa nne ilimwingia Nasambu sikio la kushoto kama msumari, likazima. Tangu siku hiyo, kwenye kwaya yao ya kanisani, mtaani Yamumbi, husimama mwisho kabisa upande wa kushoto ili wenzake wote wawe kulia kwake. Likienda na la kulia, ataimba akimfuata nani?

Jumanne hiyo, saa nane mchana, mawingu yalitanda upande wa Kaptagat. Nasambu alichomoa kibanio cha nywele, akaanza kubandua lakiri ya hedifoni yake polepole, akivipanga vipande mezani.

"Wewe! Utafutwa kazi," alinong'ona Jelagat, opareta wa kiti cha pili, kushoto kwake.

"Ongea upande huu, dada. Huko hakuna mtu."

Akarudisha kigurudumu kwenye nne. Akawasha kinga. Alipoinua macho, Kipngetich alikuwa amesimama mbele yake, beji ya chama tawala kifuani.

"Nasambu, huo ni mhuri wa ofisi. Unapinga uongozi?"

"Napinga radi, Bwana Kipngetich."

"Radi iko Kaptagat. Wewe uko Eldoret."

"Basi keti hapa." Aliinuka, akampa hedifoni ya Jelagat, ambayo lakiri yake ilikuwa nzima. "Dakika tano tu. Ukimaliza salama, nitaondoka mwenyewe."

Kipngetich alitazama dirishani. Akaketi, akavaa hedifoni, lakini kipande cha kusikilizia akakisukuma nyuma ya sikio, juu ya mfupa.

"Hapo hupati kitu, bwana," Jelagat alisema. "Weka sikioni."

Akakisogeza kidogo. Umeme ukamulika kilimani, na papo hapo mkono wake ukaing'oa hedifoni kichwani. Ikaanguka mezani na kupiga mlio kama gogo linalopasuka. Wote watatu waliusikia.

Jelagat alichomoa kibanio chake, akaivuta hedifoni yake, akaanza kubandua.

"Nitakuandikia barua ya onyo, Nasambu," Kipngetich alisema, akiinuka kitini.

"Andika, nitaijibu. Na ya Jelagat uandike hapo hapo, usipande ngazi za ofisini kwako mara mbili."

Taa ya Kaptagat iliwaka kwenye swichibodi. Nasambu aliketi, akavaa hedifoni sikio la kulia, akachomeka waya.

"Kaptagat, habari ya mchana," alisema. Akasikiliza bila haraka. "Sema tena."