Mkwe Kwenye Gurudumu

…na usifumbe macho, hilo Masalu alilijua tangu utotoni, ukifumba macho tumbo linabaki peke yake gizani, na tumbo likibaki peke yake linaanza vituko, dawa ni kutafuta kitu kisichotikisika ukakikazia macho, na kitu chenyewe kilikuwepo, tangi la maji la stesheni, limesimama ng'ambo ya uwanja juu ya miguu yake ya chuma, halina habari na mtu, ila kati ya macho yake na tangi lile ulikuwepo uso wa mama mkwe wake, na mama mkwe hatazamwi… sanduku la gurudumu walimokaa likapanda tena, injini ya dizeli ikanguruma huko chini, akayarudisha macho kwenye magoti yake mwenyewe, na magoti yalikuwa yanatetemeka, hayafai kwa dawa, na Kija, binti yake wa miaka saba, akapiga kelele ubavuni mwake, "Baba, tunakwenda juu! Baba, ona treni!" na yeye akasema, "Naona, mwanangu," wala haoni kitu, anaona suruali yake ya kaki aliyoipiga pasi asubuhi kwa ajili ya wazee, na anaomba Mungu ibaki hivyo hivyo hadi saa kumi.

Saa kumi wazee wanakaa. Wanakaa pale mtaa wa Nsemulwa, nyumbani kwa huyu huyu mama aliye mbele yake, kusikiliza kama mkewe Nyanzala atarudi kwake au harudi, ndiyo maana Masalu ametoka kijijini na mjomba wake Lyamba, msemaji wa ukoo, mtu wa methali, ambaye muda huu yuko kwa kinyozi ananyolewa ndevu ili aonekane mtu wa maana… "Wewe kaa kimya tu," Lyamba alimwambia, "mambo ya wakwe yana wenyewe, utaharibu." Kukaa kimya anakuweza. Kasoro yake ni kwamba alipita uwanja wa Sabasaba kupoteza muda, akamwona Kija amesimama na bibi yake wanalishangaa hili gurudumu la kubembeza watu lililokuja vipande vipande kwa treni kutoka Tabora, gurudumu refu kuliko nyumba yoyote ya Mpanda, na mama mkwe, kama ilivyo heshima, alipomwona akageuka, akajifunika kanga, akaitika salamu yake huku anaangalia miwa ya wauzaji, na yeye akaangalia upande wa pili, vizuri kabisa, kila mtu na adabu zake, mpaka Kija alipomshika mkono. Miezi minne hajamwona mtoto. Mtoto ambaye hujamwona miezi minne akikwambia baba tupande, utasema nini, utamwambia baba yako huwa anaona kizunguzungu hata kwenye mkokoteni wa ng'ombe? Akapanda. Akasema moyoni, nitakaza meno. Ndipo yule Issa mwenye gurudumu, mtu wa Ujiji, ajue nini huyo mambo ya Wasukuma, akapaza sauti, "Sanduku jepesi hilo, litayumba! Bibi naye apande!" na kabla mtu hajafungua mdomo alishamshika bibi mkono, alishampandisha, alishamkalisha uso kwa uso na mkwewe, magoti hayajaachana shubiri moja, "Nyie kaeni vizuri! Kaka, mshike mama yako!" na chuma cha kuwazuia kikafungwa, kwaa!

Mshike mama yako. Huko nyumbani yuko mzee alitozwa mbuzi kwa kujikwaa tu akamwangukia mama mkwe kisimani, kujikwaa, mtu hajalewa, na bado wakamla mbuzi wake… sasa akitapika je? Watamtoza nini, zizi zima? Na si mbuzi, mbuzi si kitu, atatapika mapajani mwa mama wa Nyanzala saa nane, halafu saa kumi aende akasema nipeni mke wangu? Mate yakamjaa mdomoni, yale mate mepesi yanayotangulia, akayameza, jasho jembamba likamshuka nyuma ya masikio, wakafika juu kabisa na sanduku likabembea lenyewe mbele na nyuma, mbele na nyuma, halafu chini, mwili unashuka na tumbo limebaki juu linafikiria… "Tena!" anapiga kelele Kija. "Tena, tena!" Hapana, hatatapika. Amekataa. Mwanaume aliyefukuza fisi usiku na simba mchana hashindwi na uji wa asubuhi. Akashika chuma. Kikanuka dizeli na kutu, na ile harufu ya dizeli ndiyo mbaya kuliko yote, ile ndiyo ya lori.

Hakutaka kulikumbuka lori. Alisema hapana, si sasa, lakini harufu haiombi ruhusa, ikaja na lori lote, lile la mwaka wa themanini na tisa walipohama Maswa na ukoo mzima, wakwe nao humo humo, vitanda, kuku, magunia ya mtama, na juu ya magunia Nyanzala mwenye mimba ya huyu Kija, amemnyooshea mkono, "Panda, baba, nimekuwekea nafasi," na baba mzazi wa Masalu naye kasema panda na mkeo, vijana wapo wa kuswaga ng'ombe. Naye akasema nini? Akasema ng'ombe wangu siwaachii vijana. Wakamsifu! Akatembea mwezi mzima na zaidi, akavuka mapori ya Inyonga na mbung'o wake, akafika Mpanda miguu imechanika, wanawake wakampigia vigelegele, huyu ndiye mfugaji, na mpaka leo hadithi hiyo inasimuliwa kwenye pombe, na yeye anaisikiliza ameinamisha kichwa, watu wanadhani ni unyenyekevu… uongo. Hakuogopa simba wa Inyonga. Aliogopa kutapika mbele ya wakwe kwenye lori. Hivyo tu. Nyanzala alitapika peke yake siku tatu, mimba na vumbi na dizeli, na aliyemshika kichwa alikuwa… alikuwa huyu. Huyu aliyekaa hapa, kanga mpaka kwenye nyusi.

Sanduku likapanda. Akatapika kidogo ndani ya mdomo, akakimeza kitu kile kichungu, machozi yakamtoka. Na mwezi wa Machi je? Mwezi huo mtoto wao mdogo alishikwa na degedege, lori la mpunga lilikuwepo, dereva amekubali, Nyanzala ameshapanda na mtoto mgongoni, akamwangalia, safari hii hakunyoosha mkono, alimwangalia tu, na Masalu akasema nyie tangulieni, nitafuata na baiskeli. Akafuata. Alikanyaga baiskeli mpaka mapafu yakamuwaka, Mungu shahidi, na alipofika hospitali kesho yake mtoto alikuwa amepona, anakula chungwa, na Nyanzala amefunga mzigo anakwenda kwa mama yake. "Wewe," alimwambia, "siku ngumu huwa haupo." Akaenda akawaambia watu mke wangu ana kiburi. Akamwambia Lyamba, mke wangu ameharibiwa na mji. Leo Lyamba atasimama aseme mwanetu hana kosa, mpeni mke wake, na atatia methali tatu, na yeye atakaa kimya kama alivyoagizwa… huwa haupo… naam, sikuwepo, nilikuwa njiani, maisha yangu yote mimi niko njiani nakuja kwa miguu…

"Baba, mbona umekuwa hivyo?" Kija. "Baba, umekuwa wa kijivu."

"Tazama huku."

Hiyo si sauti ya Kija. Alidhani ameisikia vibaya, injini ilikuwa inapiga kelele, akazidi kuinama, na sauti ikaja tena, taratibu, sauti ya mtu anayemtuliza ndama, "Baba Kija. Inua uso. Tazama huku, usitazame chini. Chini ndiko kunakokumaliza." Mama mkwe, Mariana, jina ambalo hajawahi kulitamka hata akiwa peke yake porini, anamsemesha! Akainua uso. Aibu ilimpanda moto kuanzia shingoni, lakini akainua. Alikuwa mwanamke mzee mwenye macho ya Nyanzala, kwa miaka tisa hakujua kwamba yale macho yametoka hapa, na alikuwa ameishusha kanga mabegani, na yeye mwenyewe rangi imemtoka, mdomo ameubana, ana kichefuchefu cha watu wawili, na bado anamtazama bila kupepesa.

"Hivyo hivyo. Pumua na pua. Mwenzio nilimwambia hivi hivi kwenye lori."

"Mayu," akasema, yaani mama kwa Kisukuma chao, na neno lenyewe lilitaka kutoka na uji, akalisubiri likatulia, "Mayu, lile lori… sikuacha kupanda kwa sababu ya ng'ombe."

"Nakuona," akasema mama mkwe. "Sasa hivi ndiyo nakuona."

Wakashuka, wakapita pale chini anaposimama Issa, Masalu angeweza kumpungia mkono asimamishe, mtu mzima akisema inatosha atasimamishiwa, na mkono ulianza kunyanyuka, akaukamata kwa mkono wa pili akaurudisha kwenye chuma. Hapana. Zamu hii anamaliza na waliomo. Akitapika atapike, kanga ya mama huyu si mara ya kwanza kutapikiwa, na mbuzi watamla pamoja. Macho aliyaacha pale pale, kwenye uso, si kwenye tangi, tangi hata halioni tena, na tumbo likapanda naye likashuka naye, halijapoa, nani kasema limepoa, lakini sasa lilikuwa na mahali pa kushika. Saa kumi wataketi. Lyamba atakohoa, ataanza na salamu za ukoo, atatafuta methali ya kwanza, na Masalu hatamsubiri, atasimama, mkwe hasimami akasema mwenyewe, watamshangaa, waache wamshangae, atamtafuta Nyanzala huko kwenye mlango wa jikoni wanakosikilizia wanawake, atamwangalia yeye, si wazee, na hatasema ng'ombe, hatasema kiburi, hatasema mji, atasema, mke wangu, mimi nikipanda gari hutapika, ndiyo maana sikuwepo, nilikuficha jambo dogo hilo mpaka likawa kubwa hivi, na lori la kurudi kijijini nitapanda, nitakaa kando yako, nitakutia aibu njia nzima…

"Tena!" akapiga kelele Kija, na gurudumu likawanyanyua.