Hesabu ya Goti la Nyanya Akoth

Likizo ya Agosti 1956 niliteuliwa, bila kuulizwa, kuwa mikono ya baba.

Baba yangu, Obura, alikuwa dresa, mhudumu wa majeruhi, hospitalini Nakuru, na mikono yake mwenyewe ilikuwa mizima kabisa. Kazi yake ilikuwa kuwarudishia wazee waliovunjika viungo vyao, na aliijua. Bahati mbaya mzee aliyevunjika safari hii alikuwa Nyanya Akoth, mama wa mama yangu. Kwetu Wajaluo mwanamume hamgusi mama mkwe wake, wala hawalali nyumba moja. Kwa hiyo nyanya alipotolewa plasta ngumu ya paja alilazwa kwa jirani yetu Chepngeno. Mama yangu alikuwa amejifungua wiki hiyo hiyo. Nilibaki mimi, Milcah, bingwa wa kutia chumvi kwenye chai ya walimu, kutoka shule ya bweni ya misheni.

Utaratibu ulikuwa hivi. Saa kumi na moja jioni baba alitoka kazini, akaketi juu ya sanduku nje ya dirisha la Chepngeno, akageukia upande wa pili kwa heshima. Kutoka huko alitoa amri: shika kisigino, vuta mguu nyuma polepole, hesabu. Mara thelathini. Plasta ilikuwa imelikakamaza goti, na lisipokunjwa kabla sijarudi shule, lingebaki hivyo. Bila goti nyanya asingepanda ngazi ya gari la moshi kwenda kwake Yala, na nyumba yake huko ilikuwa imefungwa tangu Machi.

Siku nne tulifanya kazi kwa uaminifu. Nyanya alilia bila sauti. Siku ya tano aliniambia kwa kunong'ona kwamba amechoka, na mimi pia nilikuwa nimechoka, ndipo nikatoa shauri ambalo shuleni lingenipatia heshima kubwa. Tulihesabu. Moja, mbili, tatu, kwa sauti ya taabu, huku mguu umelala kitandani na sisi tunatafuna njugu. Nyanya aliguna vizuri kuliko mwigizaji yeyote. Nje baba alisema vyema, vyema sana, kwa sauti ya mtu ambaye amesimama kazini tangu alfajiri. Tukaendelea hivyo siku tisa.

Jumamosi ya pili baba aliomba nyanya aketishwe mlangoni, ili yeye amtazame kwa mbali kutoka kule njiani. Chepngeno na mimi tulimbeba. Tukamweka kwenye kiti, na mguu ukanyooka mbele kama mtaimbo.

Baba alitazama kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza tumehesabu mara ngapi. Nilitaka kusema thelathini, lakini nyanya aliniwahi.

"Mwambie tulihesabu njugu," akasema.

Baba hakunipiga, wala hakunikemea, jambo lililonifadhaisha. Alijifuta uso kwa mkono wa koti lake jeupe, akasema siku zimebaki tisa. Akaenda nyumbani, akarudi na kopo tupu la mafuta ya kupikia, akalisukuma chumbani kwa fimbo ili asikaribie. Aliagiza liwekwe sakafuni chini ya ukingo wa kitanda, nyanya akiwa ameketi. Mguu ukikunjika vya kutosha, kisigino kingeligonga. Hesabu hakutaka kuisikia tena.

"Naweza kuligonga kwa mkono," nikasema. Sikuwa nikitania, nilitaka ajue.

"Najua," baba akajibu kutoka dirishani. "Basi nitakaa hapa nisikilize kama kuna mtu anayeumia kabla kopo halijalia."

Nilishika kisigino. Nyanya alishika godoro kwa mikono miwili. Tulivuta, tukapumzika, tukavuta. Kopo halikulia. Chepngeno aliwasha taa. Baba alikuwa bado ameketi na koti lake la kazi, hajala tangu asubuhi, na nyanya aliniuliza kama mtu yule hana kwake. Nikatoka kumuuliza baba. Akasema anako.

Nyanya akautoa mkono wangu kwenye mguu wake, akauvuta mguu mwenyewe, akaguna, na safari hii mguno wenyewe ulikuwa mbaya, haukuwa na uigizaji ndani yake. Kopo likalia mara moja, kidogo tu.

Nje, baba aliinuka polepole kutoka kwenye sanduku.

"Zimebaki mara ishirini na tisa," akasema. "Pumzikeni. Kesho nitakuja mapema."